Tangi la Mama Dufie

Mama Dufie alikuja mwenyewe na ndoo ya maji, ameifunika kwa kitambaa cheupe kama mtu anayepeleka sadaka. Ilikuwa asubuhi ya kumpa jina mtoto wa dada yangu Kukua, na sisi sote tulikuwa tumeshakaa uani na nguo zetu nyeupe. Akaiweka ndoo mbele ya Mjomba Botwe, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwa majirani, "Mjukuu wangu hataonjeshwa maji ya mtoni. Haya yametiwa dawa. Nuseni wenyewe."

Tukanusa. Yalinuka dawa kwelikweli, ile harufu ya wodini inayopanda mpaka kwenye paji la uso. Watu wakapiga makofi. Mama yangu akainama kushukuru, akainama tena, akawa kama anatafuta sindano iliyoanguka.

Swedru yetu wakati ule haikuwa na maji. Wachimba dhahabu walikuwa wameugeuza mto kuwa uji wa udongo, mitambo ya mji ikashindwa kuusafisha, mabomba yakabaki kutoa upepo. Mwenye kisima chake akawa mfalme, na Mama Dufie alikuwa nacho, kisima cha pampu nyuma ya hoteli yake. Alikuwa na tangi jeusi juu ya mnara wa zege ambalo mtaa mzima ulichota. Alikuwa na bwawa la kuogelea. Nyumba tuliyopanga, iliyopakana na hoteli, ilikuwa yake. Kanisani yeye ndiye aliyewaongoza akina mama. Ukigombana naye, umegombana na paa, na kiu, na Mungu, vyote kwa mkupuo mmoja.

Mjomba Botwe alichovya kidole katika bilauri ya maji hayo, akakigusisha kwenye ulimi wa mtoto. "Ukiambiwa ni maji, sema ni maji," akamwambia. Akachovya kwenye pombe kali. "Ukiambiwa ni pombe, sema ni pombe." Akarudia mpaka mara tatu, kama inavyotakiwa, na mtoto akakunja uso kwa ile pombe, sote tukacheka. Akaitwa Kwamena Otabil, jina la marehemu baba yetu. Kabla ya hapo kwetu mtoto ni mgeni tu, hata akiondoka halikaliwi tanga. Kuanzia pale akawa mtu.

Bilauri ikazunguka, kila mmoja akanywa funda.

"Mh! Haya ni maji au sindano?" shemeji yangu Fiifi akasema.

"Kunywa, yakusafishe tumbo," Aba Nkoom akamjibu. Aba ndiye aliyetupikia siku ile, kenkey, yale madonge ya unga wa mahindi uliochachushwa, na samaki wa kukaanga. "Wewe tumbo lako linahitaji hospitali nzima."

Yakamsafisha kweli. Yalitusafisha wote. Siku ya pili yake msururu wa kwenda chooni ulikuwa mrefu kuliko msururu wa bomba la tangi, na watu wakasimama pale wameshika matumbo, wakimtukana Aba Nkoom.

"Samaki wako, Aba! Uliwaokota wapi, makaburini?"

"Samaki wangu walikuwa bado wanapepesa macho!" Aba alilia. "Ulikula wanne, Fiifi, wanne! Ungekula mmoja ungekuwa mzima!"

Hakuna aliyeyataja maji. Utayasingizia vipi maji yanayonuka hospitali? Tukayachota tena, tukayanywa tena, tukayatumia kuosha matambara tuliyojichafulia.

Kisha Kwamena akaacha kunyonya.

Kukua alimpa ziwa la kulia, akageuza uso. Akampa la kushoto, akageuza uso. Jioni alikuwa wa moto, na kilichotoka kwenye nepi kilikuwa maji ya kijani. Palipokucha utosi wake ulikuwa umebonyea kama bakuli. Tulimpeleka hospitali mimi, Kukua na Mjomba Botwe, na njiani Kukua alikuwa anampulizia mtoto usoni kama mtu anayepuliza moto usizimike.

Nesi aliyetupokea aliitwa Korkor, mwanamke mnene mwenye macho yaliyochoka. Alimvua mtoto, akambana ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, na ngozi ikabaki imesimama. Akauliza bila kuinua kichwa, "Amekunywa nini?"

"Maziwa yangu tu," Kukua akasema.

"Maji?"

"Hapana, nesi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Kliniki walitukataza."

Nilimwangalia Kukua. Hakuwa anadanganya. Ni kweli kliniki wanafoka, mama akionekana amempa kichanga maji anasemwa mbele ya wenzake mpaka atamani ardhi ipasuke. Lakini si hofu tu. Kwetu tone la jina halihesabiwi kuwa kinywaji, kama vile mafuta ya kanisani hayahesabiwi kuwa mafuta ya kupikia. Ukimuuliza mama yeyote wa Swedru kama mwanawe amekunywa maji, atakwambia hapana, na ataapa.

"Amekunywa," nikasema.

"Araba, funga mdomo," Mjomba akasema.

"Amekunywa, nesi. Kwenye kupewa jina. Mjomba alimtia ulimini."

"Yale si kunywa!" Mjomba akanigeukia, mishipa imemsimama shingoni. "Unataka kumwambia mgeni kwamba mila za baba yako ni sumu?"

"Nataka kumwambia kilichoingia mdomoni."

Nesi Korkor aliinua kichwa sasa. "Maji ya wapi?"

"Ya tangi la Mama Dufie. Yametiwa dawa."

Akacheka, kicheko kisicho na furaha hata chembe. "Yametiwa dawa. Angalia kitanda kile, na kile cha pembeni. Wote wa mtaa wenu. Na wote wameniambia yametiwa dawa." Akaita wenzake. Wakamtafuta mshipa mkononi wakaukosa, wakamtafuta mguuni wakaukosa, mwishowe wakamnyoa upande mmoja wa kichwa na dripu ikaingilia hapo. Kukua alitoka nje. Mimi nilibaki, nikaangalia.

Kesho yake nilirudi mtaani kuchukua kanga za Kukua. Kila siku huwa nakaanga maandazi langoni pa hoteli, kwa hiyo mlinzi hakuniuliza nilipoingia. Nikapita nyuma. Bwawa lilikuwa limepungua, kingo zake zimeacha mstari wa utando wenye mafuta, na mpira mnene wa maji ulitoka humo, ukapita juu ya majani, ukapanda mnara mpaka kwenye tangi.

Yoofi, fundi pampu, alikuwa amekaa kwenye ndoo anatafuna kijiti cha mswaki.

"Kaka Yoofi, mpira huu unatoka wapi?"

"Macho huna? Bwawani."

"Na unakwenda wapi?"

Akatafuna. "Araba, kakaange maandazi."

"Unakwenda wapi, Kaka Yoofi? Mtoto wa Kukua ana sindano kichwani."

Aliutoa mswaki mdomoni. "Pampu ya kisima iliungua kabla ya Pasaka. Nilimwambia. Akasema mpya atanunua kwa mapato ya sikukuu. Kisha Pasaka ikapita, bwawa limejaa, yeye akasema humo ndani kuna mifuko mizima ya dawa, kuyamwaga ni dhambi wakati watu wana kiu. Mimi ni nani? Nikaunga mpira kwenye pampu ndogo ya bwawa."

"Tangu lini?"

"Tangu wageni wa Pasaka walipoondoka."

Nikakaa chini pale pale kwenye majani. Jumatatu ya Pasaka mimi nilikuwepo, niliuza beseni zima la maandazi. Watoto wa mji mzima walikuwa wamo humo, wamebanana hata huoni maji, wengine na nepi, na niliona nepi zinaingia kavu na kutoka zimevimba. Hakuna mtoto aliyetoka kwenda haja, angepoteza nafasi yake. Watu wazima waliingia na mafuta ya nywele, na vidonda vimebandikwa plasta. Nyuma ya ukuta, pale kwenye zulia la majani ya plastiki, shimo la choo cha hoteli lilikuwa linavuja taratibu kuelekea bwawani, na Mama Dufie akapita na kiti chake, akakiweka juu ya ule unyevu, akakaa, akapiga picha na mchungaji. Watoto walitoka na macho mekundu kama pilipili, mama zao wakafurahi: dawa hiyo, maji safi hayo.

Maji hayo ndiyo aliyotuletea kwenye kitambaa cheupe.

Mama Dufie alikuja hospitali mchana. Alivaa vizuri. Nyuma yake dereva alibeba kreti ya soda za shayiri na katoni ya maji ya chupa. Mama yangu na Mjomba wakasimama kumpokea.

"Mjukuu wangu anaendeleaje? Tumefunga na kuomba usiku na mchana."

"Mama," nikasema, "naomba nikuulize. Maji uliyotuletea yalikuwa ya kisima au ya bwawa?"

Wodi nzima ikageuza vichwa, hata wale wenye dripu.

"Maji ni maji," akasema akitabasamu. "Na dawa niliyotia mimi inashinda ya serikali."

"Ya bwawa?"

"Mtoto huyu ana mdomo. Dada, umemlea vipi?"

"Kama bwawa lako ni safi hivyo," nikasema, "kwa nini umetuletea ya chupa?"

Tabasamu likamtoka. Alimgeukia mama yangu, akasema kwa upole wa kutisha, "Ile nyumba ina watu wengi wanaoitaka. Nimewaweka ninyi kwa sababu ya upendo. Nisisikie maneno haya mtaani." Akaondoka.

Na mama yangu, mama yangu mzazi, alimkimbilia kwenye ukumbi wa wodi, akapiga magoti kwenye sakafu iliyotoka kupigwa deki, akamwomba radhi. Kwa ajili yangu. Mjukuu wake ana sindano kichwani, na yeye anaomba radhi kwa aliyemtia huko. Sijawahi kumkasirikia mtu kama nilivyomkasirikia mama yangu siku ile, na bado sijui kama nilikuwa na haki.

"Tutalala wapi, Araba?" alinifokea aliporudi, magoti yamelowa. "Wewe na ukweli wako, mtalala wapi?"

Nesi Korkor alikuwa ameshawapigia watu wa afya wa wilaya. Akaja bwana mmoja na chupa ndogo ndogo, akachota kwenye tangi, akachota bwawani, akaenda. Aliporudi alituita sote kwenye uwanja wa bomba akatuambia kwa mdomo wake: vijidudu vya kinyesi, kwenye bwawa na kwenye tangi, vilevile.

"Lakini yananuka dawa!" mtu akapaza sauti.

"Dawa ikikutana na uchafu mwingi inaishiwa nguvu," akasema. "Harufu ile kali si ya dawa inayofanya kazi. Ni ya iliyochoka. Msiyanywe, msimpe mtoto, msisukutulie hata meno."

Akafunga mnyororo kwenye bomba. Nikafurahi. Nesi Korkor alikuwa ametuambia Kwamena amerudi kunyonya, wangemruhusu Ijumaa, na mimi jambo nililotaka duniani lilikuwa hilo moja tu: asikute maji yale nyumbani. Mara ya pili asingeyahimili, nesi alisema hivyo bila kumumunya maneno. Kukua angeweza kumchemshia ya kuoga, lakini mkono unaoosha ziwa? Kijiko? Kitambaa cha kumfutia mdomo? Nyumba nzima ilikuwa inaishi kwa bomba lile.

Alhamisi jioni mnyororo haukuwepo. Sikumlaumu Mama Dufie peke yake. Walikwenda kumwomba wao, majirani zangu, wakaimba na nyimbo. "Mama, usituache tufe na kiu." Akajifanya anakataa, kisha akajifanya moyo umemlainika. Yoofi akamwaga mfuko mwingine wa dawa, harufu ikapanda juu zaidi, na watu wakasema: mmeona, sasa ni salama.

Ijumaa asubuhi nilimwomba Yoofi spana yake kubwa. Hakunipa. Lakini aliiweka chini, akaenda kujisaidia, akakaa huko muda mrefu sana.

Chini ya tangi kuna koki pana ya kusafishia. Nikaizungusha kwa uzito wangu wote, ikagoma, nikaipiga, ikakubali. Maji yakatoka kwa kishindo kama ng'ombe aliyekata kamba, yakapita kati ya miguu ya wanawake waliopanga ndoo.

"We Araba! Una wazimu?"

"Anamwaga maji! Jamani, anamwaga maji!"

"Kingeni! Kingeni upesi!"

Wakaja na ndoo zao, nikasimama mbele ya koki. Mwanamke mmoja, tunamwita Mama Panyin, ana mapacha, akanipiga na beseni la bati begani. "Basi tuache tufulie!" alipiga kelele. "Hata kufulia unatunyima?"

"Hata kufulia!"

"Kwani kisima ni cha baba yako?"

"Si kisima! Hakuna kisima! Mnakunywa bwawa!"

Wangenitoa pale, walikuwa wengi. Aba Nkoom ndiye aliyekuja akajipachika kando yangu, makalio yake yale mapana yakaziba nusu ya njia.

"Samaki wangu, eh?" aliwaambia. "Samaki wangu wa makaburini? Nimekosa wateja mpaka sufuria zangu zimeota buibui. Njooni sasa. Anayetaka kupita anipige mimi kwanza."

"Aba, ondoka!"

"Nipige! Si una tumbo zima leo? Nipige!"

Maji yakapungua kishindo. Mwisho wa tangi ukaanza kutoka: maji mazito, kama ute. Kikatoka kifundo cha nywele ndefu za kusuka. Ikatoka plasta, bado imejikunja umbo la kidole cha mtu. Ukatoka ukucha wa bandia mwekundu, na kipande cha nepi kilichochanika, pamba yake imevimba. Vikatulia kwenye zege mbele ya ndoo zao.

Mama Panyin aliinama akakitazama kile kipande cha nepi. Akaweka beseni chini, akaenda ukutani akatapika.

Mama Dufie alifika akiwa amevaa kandambili, ametoka kitandani. Hakutazama vitu vilivyokuwa kwenye zege. Alitazama koki.

"Nani kafungua?"

"Mimi."

"Leo mnatoka. Kabla ya jua kuwa kali mnatoka."

Niligeuka kuwatazama. Wanawake wale wote, na nepi ile iko miguuni mwao, wote waliona. Nilingoja mmoja aseme kitu. Neno moja tu. Mmoja alikuwa anafunga kanga yake upya. Mwingine anasukuma ndoo kwa mguu, taratibu, isilowe. Aba Nkoom alifungua mdomo, lakini Aba hapangi kwa Mama Dufie, neno la Aba lisingemgharimu kitu.

"Mama Panyin," nikasema. "Mapacha wako wanakunywa haya."

"Nina watoto wawili, Araba," akajibu akifuta mdomo, bila kunitazama. "Wewe huna hata mmoja. Nitawapa nini?"

Teksi iliyomleta Kukua ilipofika, vitu vyetu vilikuwa vimeshatolewa uani, magodoro juu ya meza, sufuria ndani ya beseni. Kukua alishuka na mtoto, akaona, akataka kuuliza. Mama yangu alikuwa amekaa juu ya sanduku, amenipa mgongo. Mjomba Botwe alikuja kutoka ndani amebeba kitanda cha mbao mgongoni, mzee yule, jasho linamtiririka, akakiegesha kwenye teksi.

"Mnakwenda kwangu Kwanyako," akasema. "Kuna chemchemi, na kuni zipo. Tutachemsha." Kisha, kwa sauti ya chini, kwangu tu, "Wanangu wote wawili nimewapa majina kwa kidole hiki. Wajukuu pia. Sasa nakitazama, Araba, natamani nikikate."

"Usikikate wewe," nikamwambia. "Wewe ulipewa ndoo."

Dereva akawa anapiga honi. Nyuma ya hoteli nilimsikia Mama Dufie anamwita Yoofi, na baada ya muda pampu ya bwawa ikaanza kunguruma. Bwawa lilikuwa bado na maji, nusu nzima. Wanawake waliinua vichwa kusikiliza. Aliyeanza ni yule wa kanga. Aliifuta ndoo yake kwa pindo, akaisogeza mpaka chini ya bomba, na nyuma yake ikasogea nyingine, na nyingine.

Mama Panyin alikuwa wa nne. Nilimwita kwa jina lake halisi, jina la utotoni, hakugeuka.

Nilimpokea Kwamena kutoka kwa Kukua ili aingie garini. Alikuwa mwepesi, upande mmoja wa kichwa umenyolewa, ananyonya ngumi yake kwa nguvu. Nikamtemea mate yule mlinzi wa hoteli aliyekuwa anatucheka langoni, yakamkosa usoni yakatua kwenye kiatu chake. Kisha nikapanda, nikafunga mlango kwa kishindo, dereva akalalamika kuhusu mlango wake, nikamwambia aendeshe.